Siri ya Tairi za Baba

Jumatatu, 3 Machi

Jeshi linatafuta kampuni ndogo za magari! Redio imesema kampuni ya kiraia yenye kifaa kinachoweza kulifaa gari la jeshi ijaze fomu. Itakayopita itafadhiliwa. Baba anacho kifaa! Lori letu likiingia mchangani, dereva anabonyeza swichi na tairi zinapungua upepo zenyewe. Likirudi kwenye lami, zinajaa tena, huku linatembea. Amekiunda kwa miaka minne hapa gereji. Na gereji yetu ni kampuni, cheti kipo ukutani.

Akikosa ufadhili huu atauza lori na kwenda kuendesha magari ya mgodini. Tutamwona mara moja kwa mwaka.

Fomu amenikabidhi mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Fundi Cheche, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, ameuliza eti bibie unaandika nini. Kwa nini anataka kujua?

Jumanne, 4 Machi

Fomu ina umbea. Inataka kifaa kielezwe kinavyofanya kazi. Atasoma nani? Karani. Karani ana shemeji. Shemeji ana gereji. Nimeandika: "Kinafanya kazi vizuri sana." Wanataka na mchoro. Nimechora lori lililofunikwa turubai. Turubai limetoka vizuri, hata mikunjo inaonekana.

Baba ametia sahihi bila kusoma. Amesema ananiamini. Na afanye hivyo, watu wa kuaminika tumebaki wachache.

Alhamisi, 6 Machi

Mpelelezi! Mama mmoja mwenye daftari na viatu vyenye vumbi. Kwanza alisimama kwa Fundi Cheche, naye akamwonyesha kidole kwetu. Nimeona mwenyewe kupitia tundu la geti. Baba alikuwa ametoka kununua nati.

Shikamoo nilimpa, mpelelezi naye ni mtu mzima. Akauliza mipira inayoingia kwenye tairi ni ya nini. Nikasema ya kuoshea lori. Lori la kubebea nini? Vitunguu. Na swichi hii? Honi. Akaibonyeza! Tairi zikapumua, fyuuu, lori likashuka kama ngamia anayepiga magoti. Nikamwambia honi mbovu.

Aliandika kila neno. Nimemsindikiza hadi getini, kichwa kimenivimba kwa fahari.

Jumatatu, 10 Machi

Barua imefika. Yule mama ni mhandisi wa jeshi. Sasa ningejuaje, mtu hana hata kofia?

Taarifa yake inasema fomu haikueleza kitu, lori ni la vitunguu, honi ni mbovu, binti ana heshima. Ombi limekataliwa, isipokuwa tukitoa maelezo kabla ya Ijumaa. Baba alikaa juu ya tairi kuukuu. Afadhali angenigombeza. Aliyegomba ni Mama. Kanituma kwa Fundi Cheche kuomba radhi.

Cheche alicheka hadi akashika mbavu. Kumbe siku ile alimwambia yule mama kwamba fundi wa kweli mtaa huu ni baba yangu! Akaniambia haya, Bi. Vitunguu, nikamtetee mzee wako. Akavua glavu, wakaondoka na Baba kwenda ofisini kwa yule mhandisi. Wamerudi na nafasi ya majaribio.

Radhi nimeiomba kwa moyo wangu wote. Nimebaki na swali moja tu. Mbona ni mwema hivyo?

Ijumaa, 14 Machi

Majaribio, kwenye machimbo ya mchanga. Nimeruhusiwa kuja kwa sharti la kufunga mdomo. Lori la kampuni nyingine lilizama hadi ekseli. La kwetu likashusha upepo, likapita taratibu, likageuka, likarudi! Mhandisi akaniuliza kama vitunguu vimefika salama. Watu walicheka. Na mimi kidogo.

Tumepita! Limebaki jambo moja. Mhandisi amefunga kisanduku ndani ya lori kitakachorekodi upepo wa tairi kwa miezi mitatu. Kumbukumbu hizo zikiwepo, ufadhili upo. Zisipokuwepo, haupo.

Baba amesema haendi mgodini. Nimelia. Kisha nimeapa kutomshuku mtu yeyote tena.

Jumapili, 16 Machi

Kisanduku kina taa nyekundu. Taa inakonyeza. Nimekitazama asubuhi nzima, na mara mbili kimekonyeza Baba alipokohoa. Nani kakituma kumsikiliza?

Niliapa kutomshuku mtu. Kisanduku si mtu.

Nimefungua skrubu nne tu. Nimekizika nyuma ya banda la kuku, ndani ya mfuko wa nailoni kisije kikalowa, maana si mali yetu. Sasa nina amani. Baba haendi popote.

Yeye na Fundi Cheche wamelala chini ya lori, wanakitafuta. Nawashikia tochi.