Mkarafuu Unaosikia Baridi

Jumatatu, 4 Julai 1938
Makubwa! Memsahibu, mke wa mzungu mwenye shamba la mkonge, kachomeka kijiti cha kioo kwenye udongo, ndani yake maji ya fedha yanapanda na kushuka yenyewe. Anapima homa ya udongo! Miaka arobaini na sita nimeishi, sikujua udongo unasikia baridi. Ndiyo maana mikarafuu yake miwili ya vyunguni, iliyotoka Unguja, inanyauka huku mlimani juu ya Kilosa. Mizizi imekufa ganzi, kasema. Mmoja kanipa mimi, mwingine Ulimboka, mtunza bustani mwenzangu. Jumamosi anakagua. Mwenye mti mzuri anabaki bustanini, mwingine anashuka kukata mkonge. Na mgongo wangu huu! Siri hiyo ya mgongo nimemwambia mpishi tu. Na dobi.

Jumanne, 5 Julai
Akili! Mkate wa kumimina si unaivia makaa? Nikaweka makaa chini ya chungu. Maji ya fedha yakapanda mpaka juu kabisa, sikuamini macho. Udongo ukafuka mvuke. Mke wangu Filomena akapita, akauliza baba, unapanda karafuu au unapika pilau. Majani matatu chini. Yamebaki sita.

Jumatano, 6 Julai
Nimemnyemelea Ulimboka mpaka korona, ile mashine ya kukamua mkonge. Akaniona nyuma ya toroli. Akacheka, shikamoo kaka, toka huko usijifiche. Akanishika mkono, akautumbukiza kwenye lundo la makapi. Mama yangu! Joto! Hakuna kuni, hakuna kiberiti, takataka zinajipasha zenyewe kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Nilisahau hata kumchukia. Miaka tisa napita hapo naziba pua tu!
Akasema nifukie chungu humo, ila nitumie makapi ya zamani, yale meusi. Mabichi nisiguse.
Aha. Mtu anayetaka nafasi yangu anipe siri bure? Nimebeba mabichi. Magunia mawili. Mengine nimeshindilia ndani ya chungu.

Alhamisi, 7 Julai
Najikuna. Mikono, shingo, na kwingine sitaji. Mkarafuu umekuwa njano. Nimeupaka mafuta ya nazi ya Filomena ung'ae. Nzi wamefurahi.

Jumamosi, 9 Julai
Mti wa Ulimboka umetoa jani jipya, jekundu, laini kama ulimi wa mtoto mchanga. Nilichuchumaa kulitazama, nikasahau kabisa kwamba ndilo linanifukuza. Wangu ni kijiti, mafuta na nzi. Memsahibu kaziba pua. Ulimboka akaniombea, kaka huyu mgongo mbovu, mkonge hatauweza. Basi nimepelekwa korona kusomba makapi.

Jumatatu, 11 Julai
Eti adhabu! Mimi nimekabidhiwa moto wa bure. Nimefukia mayai kumi na moja ya Filomena kwenye lundo, yatotolewe bila kuku. Hajui bado. Wanawake wanaoteka maji bombani wote wanajua. Ulimboka kapita, akasema kaka, hapo yataiva, yasogeze pembeni kwenye joto dogo.
Nikamshukuru sana. Wivu mtupu! Nimeyasogeza katikati.