Baruti Iliyobaki

Jumanne, 3 Septemba

Bi Solveig ameamua! Bunduki ya marehemu mumewe, Ansgar, haitauzwa wala haitapelekwa kwa yule mpwa wa Seattle. Itashindaniwa Jumamosi ya wiki ijayo, klabuni kwetu, chini ya mlima. Masharti ni yale ya Ansgar mwenyewe. Upige bastola yako kubwa ya magnum, kisha bunduki yako ya wenzo, zote mbili kwa risasi ya aina moja, na risasi hizo uwe umezishindilia kwa mkono wako. Za dukani hapana.

Naijua bunduki hiyo. Mti wa kitako umelainika kwa shavu la Ansgar. Ukiuvuta wenzo chini na kuurudisha, unatoa sauti ya droo ya kabati la zamani ikifungwa vizuri. Niliibeba mara moja tu, Ansgar alipokuwa akivuka kijito, na tangu siku hiyo naiota. Katika ndoto mimi na yeye tumekaa ukingoni mwa msitu, ukungu unapanda, elki, yule kulungu mkubwa wa huku, anatoka taratibu na pembe zake kubwa, na hakuna anayempiga. Tunamtazama tu. Ansgar alifariki mwezi wa Machi. Naitaka bunduki ile kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka, ukimtoa mke wangu Noreen, na ile pikapu ya bluu.

Noreen amesikiliza yote akimenya viazi. Akauliza nani mwingine anashindana. Nikasema hakuna wa maana. Akauliza, na Verlin je? Nikasema si nimesema hakuna wa maana.

Alhamisi, 5 Septemba

Verlin Skaggs anapiga vizuri. Sijui kwa nini Mungu ameruhusu. Maisha yake yote aliendesha basi la shule, hana haraka, hatoki jasho. Akipiga risasi tano kwenye karatasi, unaweza kuyafunika matundu yote kwa kifuniko cha chupa. Lazima ana siri.

Mpango: kupata maganda yake ya risasi. Ganda lililopigwa linasema mengi kwa anayejua kulisoma. Tatizo ni kwamba kwetu ganda lililoanguka ni la aliyelipiga, na kuokota la mwenzako ni aibu kuliko kumega kwenye sahani yake. Kwa hiyo sikuokota. Nilisimama tu nyuma ya Verlin, kulia kidogo, kofia mkononi, kama mtu mwenye heshima zake. Bunduki ya wenzo hurusha maganda juu. Yakiingia kofiani yenyewe, nani wa kulaumiwa?

La kwanza likaingia ndani ya kola ya shati. Ganda lililotoka kupigwa ni la moto! Nilicheza ngoma ambayo ukoo wetu hauijui. Verlin akaweka bunduki mezani, akangoja nimalize. Kisha akasema, Delbert, bwana, ukitaka maganda si useme tu? Akanijazia kofia. Watu wote wakiona!

Yote yana alama ya wino mwekundu kwenye kitako, ndivyo anavyoyatambua. Nimeyakagua kwa kioo cha kukuzia mpaka macho yakauma. Ni maganda. Hayakusema kitu.

Jumapili, 8 Septemba

Leo nimeshindilia risasi za ushindi. Noreen alikwenda kanisani, nami nikasema mgongo unaniuma. Gereji ilikuwa tulivu. Mlango wazi, ukungu umelala juu ya nyasi za jirani, kahawa inatoa moshi kwenye benchi.

Hakuna kazi tamu kama hii. Ganda tupu linaingia kwenye mashine, unavuta mkono, linatoka limenyooka. Unabandika kitakoni fataki mpya, kile kidude kinachowasha baruti. Unamimina baruti. Unaweka kichwa cha risasi, nilichokimwaga mwenyewe kwa vyuma laini vya kusawazishia magurudumu. Unavuta tena, mdomo unabana. Imezaliwa! Nilichanganya maganda yangu na yale ya Verlin, maana shaba ni shaba. Vuta, bandika, mimina, weka, vuta. Mkono ukawa unakwenda wenyewe. Nikawa siko tena gerejini. Nilikuwa ukingoni mwa msitu. Ansgar alikuwa ananimegea mkate wa viazi wa mkewe, ule wanaouita lefse, na siagi inayeyuka. Akanionyesha kitu kwa kidole kwenye ukungu, nikawa sioni, nikamwambia ngoja, naja.

Nilipozinduka maganda yalikuwa yamekwisha, risasi zimejipanga sandukuni zinang'aa. Nikafurahi hadi nikapiga mluzi.

Halafu nikatazama kipimo cha baruti. Kabla ya kuanza nilikuwa nimekijaza baruti ya kutosha maganda yote, bila kuzidi.

Imebaki. Si nyingi. Lakini haikupaswa kubaki.

Jumatatu, 9 Septemba

Maana yake ni kwamba humo sandukuni kuna risasi zisizo na baruti. Ngapi, sijui. Zipi, sijui. Kwa nje zote ni pacha.

Nimefanya kosa kumwambia Noreen. Noreen hajawahi kupiga risasi hata ya maji, lakini amelala miaka thelathini karibu na mtu anayezungumza risasi usingizini. Akasema zivunje zote. Ile nyundo ya plastiki uliyonunua ya kung'olea vichwa, iko wapi? Nikasema ni risasi moja moja, mpenzi, nitagonga mpaka Krismasi. Akasema kwani Krismasi una safari?

Nina njia bora. Isiyo na baruti ni nyepesi! Nikaleta mizani. Nikapima asubuhi nzima. Lakini haya ya Verlin yana shaba nene kuliko yangu, na vichwa nilivyomwaga mwenyewe kimoja kinene, kimoja chembamba. Kila risasi ilikuwa na uzito wake, kama watu kwenye foleni ya benki. Mizani ilinidhihaki tu.

Basi nikatumia sikio. Ukiitikisa risasi karibu na sikio, baruti inacheza ndani, shh, shh. Nimetenga zinazoimba na zisizoimba. Chache nilizitikisa mara nyingi, na mwisho nazo zikaimba. Noreen amesimama mlangoni akanitazama nimefumba macho, risasi sikioni. Akarudi jikoni.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimempelekea Bi Solveig pai ya matunda ya mlimani. Si hongo. Ni ujirani.

Aliipokea, akaniketisha, akanipa lefse. Nilipokula ya kwanza macho yalinijaa machozi, sikutarajia. Bunduki ilikuwa imeegemea pembeni ya jiko. Nikaitazama nayo ikanitazama.

Bi Solveig akaniuliza kama nimemulika. Nikasema nini? Akasema Ansgar alikuwa akisimamisha maganda yote kwenye kile kibao chake chenye matundu, kabla ya kuweka vichwa, na anapita na tochi akichungulia baruti ndani ya kila moja kama daktari wa meno. Akimaliza anarudia. Chakula kinapoa, yeye anachungulia.

Nikasema, mama, mimi nimemulika yote.

Mdomo wangu huu! Nimerudi nyumbani nikiendesha polepole. Bado naweza kuzivunja. Lakini kesho nitapiga zipi? Na zinaimba. Nimezisikia.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku njema kuliko zote, hadi ilipoacha kuwa.

Bastola kwanza. Sijawahi kupiga hivyo! Sahani za chuma zilianguka moja baada ya nyingine, ting, ting, na moshi ukakaa hewani kwa sababu hakukuwa na upepo. Verlin mwenyewe akasema, leo umeamkia upande gani wewe? Nikajua ni wivu. Bi Solveig alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, bunduki ya Ansgar magotini. Akanipungia mkono.

Kisha bunduki ya wenzo. Ya kwanza, katikati. Ya pili, karibu na ya kwanza. Nikaona ukingo wa msitu. Kweli niliuona, pale nyuma ya shabaha, na ukungu ukipanda. Nikavuta tena.

Pff.

Hakukuwa na kishindo wala teke begani. Sauti ya mtu anayepuliza mshumaa. Nikadhani fataki mbovu. Nikavuta wenzo chini, nikaurudisha, risasi nyingine ikapanda mahali pake, kidole kikarudi kwenye kifyatulio.

Verlin akapiga kelele: "Simama!"

Klabuni yeyote akisema neno hilo, wote wanaacha. Lakini mimi nilikuwa mbali, kule kwenye ukungu. Verlin akaja, akauweka mkono wake mzito juu ya bunduki yangu, akasema taratibu, kwa sauti ya kumwamsha mtoto aliyepitiliza kituo, Delbert, teremka, tumefika.

Tukaitoa ile risasi iliyopanda. Akaingiza ufito mdomoni mwa mtutu. Uliishia katikati. Kichwa cha ile isiyo na baruti kilikuwa kimesukumwa na fataki tu, kikakwama humo. Ningepiga nyingine nyuma yake, bunduki ingenipasukia usoni. Nikakaa chini kwenye nyasi. Niliogopa. Nilimfikiria Noreen na yale macho yake pale mlangoni.

Verlin alipiga akashinda. Bi Solveig akampa bunduki, naye akaipokea kwa mikono miwili akaangua kilio, mtu mzima yule. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Halafu Bi Solveig akaja kwangu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akasema hapendi kuzika wanaume wawili mwaka mmoja. Akanipa kile kibao cha Ansgar chenye matundu. Akasema, hiki ndicho kilichomleta nyumbani siku zote, si bunduki.

Jumapili, 15 Septemba

Verlin alikuja na nyundo yake. Noreen ndiye aliyempigia simu. Tuligonga pamoja gerejini kutwa, kila risasi tukaing'oa kichwa na kumwaga yaliyomo. Nyingine zilikuwa tupu kabisa. Moja ya hizo ilikuwa kwenye fungu la zinazoimba! Verlin aliitikisa sikioni, akasema hii inaimba kwa ufundi gani? Noreen alicheka mpaka akashika ukuta.

Nimeapa mbele yao wawili. Kibao, tochi, kila ganda, mara mbili. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumatatu, 16 Septemba

Verlin amesema nitakwenda naye mlimani msimu wa elki, na nitaibeba bunduki ya Ansgar siku nzima. Siku nzima! Nimepata wazo. Mtu akionyesha kwamba risasi zake zinaipenda ile bunduki kuliko za Verlin, huenda Verlin akaona haki iko wapi. Lazima nianze mapema.

Kibao nimekisafisha kwa mafuta na kukitundika ukutani, juu kabisa ya mashine. Ni kizuri mno, ni dhambi kukichafua kwa maganda. Noreen ameniletea maua makavu, nimeyachomeka matunduni. Tochi nayo nimeitundika hapohapo, inaning'inia vizuri.

Mlango wa gereji uko wazi. Mlimani kumetokea wingu moja, limelala kama ng'ombe. Vuta, bandika, mimina, weka, vuta. Ansgar angelipenda wingu lile. Nimeliangalia mpaka likapita upande wa pili, na nilipogeuka nilikuwa nimemaliza kumi na zaidi.

Hii ya mwisho nimeitia baruti. Nina hakika. Nimeitikisa sikioni, na inaimba.