Chupa ya Maji ya Bahari Kwenye Posa ya Watu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya koo mbili kwa mpigo, na hakuna hata moja iliyo yangu.

Niko Gahanga, pembezoni mwa Kigali, nimekaa nyuma ya nyumba, nawaandikia. Huko mbele watu bado wananong'onezana. Afadhali mlisikie kutoka kwangu kabla video haijawafikia. (Video ipo. Niliziona simu zilivyoinuliwa.)

Mnajua mimi ni mpishi wa meli ya mizigo. Mnyarwanda, mtoto wa nchi isiyo na hata hatua moja ya pwani, napika wali katikati ya bahari. Safari hii miezi tisa iligeuka kumi na moja. Baba yangu, Mzee Abdu, fundi cherehani wa Nyamirambo, alikuwa akinicheka na kujivuna kwa wakati mmoja. Babu yake alitoka pwani na wafanyabiashara, lakini yeye mwenyewe bahari hakuwahi kuiona. Na kulikuwa na jambo moja hakulikubali kabisa: kwamba maji ya bahari yana chumvi. "Maji yote yale? Chumvi hiyo nani kaitia?" Alibishana na wateja, akabishana na majirani, akabishana na mimi kwenye simu mpaka salio likaisha. Nilipoondoka aliniambia, "Niletee chupa moja. Nitaonja mwenyewe, halafu tutajua nani mwongo."

Nikachota. Kwa ndoo na kamba, nyuma ya meli, wenzangu wote wananicheka. Nikayatia kwenye chupa ya kioo iliyokuwa ya sharubati, nikaifunga kwa kitambaa cha kijani, nikaificha kabatini kwangu.

Baba alifariki siku arobaini zilizopita. Tulikuwa mbali na bandari yoyote. Ujumbe wa dada yangu Zaina ulinifikia siku nne baadaye, baba ameshazikwa. Nahodha alinipa pole, akanishika mkono, kisha ikafika saa sita na watu walihitaji kula. Nikapika. Sikumbuki nilipika nini.

Kwa hiyo leo nilikuwa na jambo moja tu: kuwahi dua ya arobaini. Kumzika sikumzika. Angalau niwepo watu wakimwombea, niombe radhi mbele ya wazee, niiweke ile chupa pale. Hilo tu nilikuwa nalitaka duniani.

Ndege ikatua Kanombe saa saba na nusu. Dua saa nane. Nikaingia chooni uwanjani nikabadilisha nguo: kanzu nyeupe, kofia. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, begi mgongoni, chupa nimeikumbatia. Simu ilikuwa imezima lakini sikuwa na wasiwasi. Familia ilihamia Gahanga nikiwa safarini, nyumba sijawahi kuiona, ila maelezo ya Zaina nilikuwa nayo kichwani: "Ukipita kanisa, shuka na barabara ya vumbi, utaona hema jeupe. Huwezi kupotea."

Huwezi kupotea! (Zaina, hili nakuachia Mungu.)

Mwenye moto nilimwambia naenda kwenye dua ya baba. Akaendesha pole pole kwa heshima. Tulipoteremka ile barabara akanyoosha kidole. "Hema iko ile pale. Watu iko mingi. Wihangane, kaka." Wihangane, yaani pole. Nikamshukuru, nikashuka.

Ardhi ikanipeleka upande. (Mtu akitoka melini, nchi kavu humyumbisha siku mbili tatu. Sijalewa. Mtaona kwenye video, lakini sijalewa.) Machozi yalikuwa yameshaanza. Nikaona hema jeupe, viti vimejaa, wanaume wa suti, wazee mbele wametulia, hakuna muziki, mtu mmoja amesimama na kipaza sauti anazungumza taratibu. Nikasema alhamdulillahi, hawajamaliza.

Sasa niwaambie nilichokuja kukijua baadaye. Ile haikuwa dua. Ilikuwa gusaba, posa. Jirani anaoza binti. Mnajua mambo yake: koo mbili zinakaa zinatazamana, kila ukoo una msemaji wake, na msemaji wa upande wa binti hatoi mtoto kirahisi. Lazima awazungushe wageni kwanza, awabunie vikwazo, watu wacheke. Na dakika ile ile, Mzee Gaspari, msemaji wa upande wa binti, alikuwa ndiyo kwanza amewaambia wageni, "Mmechelewa. Binti yetu ana mchumba wake. Yuko ng'ambo ya bahari, anarudi wakati wowote."

Mimi huyo nikaingia. Kanzu, begi mgongoni, nayumba, nalia.

Watu wakapiga makofi. (Makofi kwenye dua? Nikajisemea, mwaka haujaisha na mji umeshabadilika hivi.)

Katikati kulikuwa na meza ndogo yenye vinywaji. Nikaenda moja kwa moja, nikaiweka chupa yangu pale. Mtu akanisogezea kipaza sauti. Hotuba nilikuwa nimeifanyia mazoezi jikoni majuma mazima, wasikilizaji wangu viazi. Nikavuta pumzi.

"Wazee wangu, nisameheni. Nimechelewa. Nilikuwa baharini."

Hema likalipuka. Vigelegele! Watu wanapiga viti! Mzee Gaspari, ambaye alikuwa hajawahi kuniona maishani, akawageukia wageni, mikono ameipanua. Walikuwa wakizungumza Kinyarwanda, lakini kwa ajili ya kanzu yangu akahamia Kiswahili. (Kigali ukivaa kanzu utasemeshwa Kiswahili hata kama umezaliwa nyumba ya pili na anayekusemesha.) "Munaona? Mulizani nacheka na nyinyi!"

Msemaji wa wageni naye si mtu wa kushindwa. Akasimama. "Sawa. Muonje kinywaji yake. Kama haifike ya kwetu, arudi kule ametoka!"

Mimi nilisikia "muonje" tu. Nikadhani Zaina amewasimulia wazee habari ya chupa. Nikadhani wameamua kumwonjea baba. Niliguswa, jamani. Kitambaa nilifungua mwenyewe. Nikamimina mwenyewe, glasi mpaka juu. Nikampa Mzee Gaspari kwa mikono miwili na kichwa nimeinamisha.

Akaipokea. Akaiinua, akawaonyesha wageni pande zote, akapiga funda moja kubwa.

Nimeona watu wakiugua baharini siku za mawimbi. Sijawahi kuona uso kama ule. Macho yalimtoka, shingo ikavimba, mkono ukatafuta kiti. Lakini mbele ya wakwe mtu hatemi. Akameza.

"Mwana wangu," akasema kwa sauti iliyokwaruza, kipaza sauti bado kiko karibu, "hii ni kitu gani?"

"Maji ya bahari, mzee."

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia. Kina mama waliegemeana. Bwana harusi mwenyewe alifuta machozi. Na mimi ndipo nikapandwa na hasira, hasira ya kweli, ya siku arobaini.

"Msicheke! Baba yangu alitaka kuyaonja haya. Amekufa sijarudi. Sikumzika. Leo ni arobaini yake, na nyinyi mnacheka?"

Kicheko kikakatika. Na hapo ndipo nikatazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kina mama wamevaa imishanana, vitambaa vya kung'aa vimefungwa bega moja. Vikapu vya mapambo. Maua. Kijana wa suti amekaa kama anayesubiri hukumu. Sheikh hakuna. Msahafu hakuna. Hakuna hata mtu mmoja ninayemjua.

Zaina akaingia mbio, miguu mitupu, mtandio umeangukia shingoni. "Sudi! Hapa si kwetu! Kwetu nyumba ya tatu, hema lingine! Tumekusikia kwenye spika!"

Kwenye spika. Yaani na kilima chote kimenisikia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, angalau ingeacha kuyumba.

Nikamwendea bwana harusi kumwomba radhi. Kijana wa watu alikuwa bado ananitazama kwa mashaka.

"Kaka, kwa hiyo weye haumujui bibi yangu?"

"Simjui kabisa."

"Imana ishimwe," akasema, Mungu ashukuriwe, akakaa.

Mzee Gaspari alinishika bega. Kanisa lake na msikiti wetu ni mbali, na Kiswahili chake ni cha Bujumbura alikokulia, lakini maneno yake yalikuwa ya mzazi. "Wihangane, mwana. Tulijua kwenu iko dua. Ni kwa ile tulikataza muziki mpaka mumalize." Kumbe utulivu ule ulionipoteza ulikuwa heshima yao kwa baba yangu.

Nyumbani dua ilikuwa haijaisha. Zaina aliniambia njiani: sheikh alikuwa anaifunga dua, sauti yangu ikaingia kutoka kule, "Nimechelewa, nilikuwa baharini," Mama akainua mkono. "Ngojeni. Huyo ni Sudi." Wakangoja wote, mikono imeinuliwa.

Nikaingia, nikapiga magoti mbele ya Mama, nikafungua mdomo. Maneno hayapo. Yote nimeyaacha kwa wakwe za watu. Mama akanivuta nikae kando yake.

"Tumesikia, baba. Yote. Usirudie."

Nikaitikia amina pamoja nao. Niliwahi.

Watu walipokuwa wanakula, Mzee Gaspari akatokea mlangoni na suti yake ya posa, chupa ameishika. Nilikuwa nimeisahau kule. Akatoa pole kwa wazee, kisha akaketi mbele ya Mama.

"Mama, mimi ni mushahidi. Nimeonja. Iko chumvi. Chumvi mubaya sana."

Mama akamtazama. "Umemeza?"

"Nimemeza."

"Mzee Abdu angekwambia mtoto ameitia jikoni," Mama akasema, akafunika mdomo kwa khanga, akacheka. Zaina anasema tangu mazishi hakuwa amecheka. Kisha kicheko kikageuka kilio, tukamwacha alie.

Chupa iko hapa miguuni pangu, imebaki nusu. Kesho asubuhi naipeleka makaburini Nyamirambo. Nitamwambia ni chumvi, na kwamba safari hii nina shahidi.

Video mkiipata msinitumie, nilikuwepo. Na mkicheka, chekeni taratibu, hapa kwetu bado ni msiba.