Kanuni ya Utulivu wa Kulungu

Ilitangazwa rasmi kwamba kuanzia Jumatatu, kulungu wa kufugwa kokote katika mkoa wa Southland hataruhusiwa tena kuwa na wasiwasi. Kanuni hiyo iliandikwa na Naibu Mkaguzi Mkuu wa Utulivu wa Mifugo, Bwana Alasdair Tulloch. Hakuwahi kumwona kulungu ila kupitia dirisha la gari, jambo lililomwepusha na upendeleo.

Alianza na shamba la Noeline Dreaver, mjane aliyefuga kulungu miaka thelathini na minane. Akifeli ukaguzi, kibali chake cha ufugaji kingefutwa siku hiyo hiyo. Tulloch alikuwa ameshatia sahihi fomu ya kukifuta, ili kuokoa muda.

"Vua hicho kizibao kwanza, mheshimiwa," Noeline alisema mlangoni mwa banda. "Hawa wamezoea koti langu hili bovu. Wakiona manjano inayometameta watapanda ukuta."

"Kizibao ni usalama, mama. Usalama haujadiliwi."

"Na hiyo filimbi?"

"Hiyo ndiyo kipimo."

Akaingia, akapuliza. Madume kumi na mawili yakajirusha ukutani kwa kishindo, mengine yakirukiana migongoni. Tulloch akaandika: *Wanyama wana wasiwasi. Chanzo: mfugaji.*

Noeline alimnyang'anya ripoti, akasoma mstari huo. Kisha akafungua kijitabu cha kanuni.

"Kifungu cha saba. 'Chochote kinachoshtua kulungu kitatiwa kwenye kizimba chenye giza, hadi kitulie nusu saa mfululizo, na kitatolewa kwa sahihi ya mwenye shamba.' Maneno ya nani haya?"

"Yangu," Tulloch alisema kwa fahari. "Kwani kimewashtua nini?"

Kulungu wote kumi na wawili walikuwa wakimkodolea macho yeye.

Alitafuta kifungu kinachowasamehe wakaguzi. Hakikuwepo, hakuwahi kudhani kingehitajika. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, akaingia kizimbani mwenyewe. Noeline akasukuma komeo. Banda likatulia, kulungu wakarudi kutafuna majani.

"Mama! Fungua bwana, nina kikao!"

"Lo! Zilikuwa zimebaki dakika nne. Umepiga kelele, tunaanza upya."

Nusu saa ya tatu ilipotimu, mkaguzi alinong'ona, "Mama, nakuomba."

Noeline akapitisha ile ripoti na kalamu chini ya mlango. "Sahihi yangu ya kukutoa ipo tayari. Rekebisha kwanza hapo kwenye chanzo."

Kwa kupapasa gizani, Tulloch akafuta *mfugaji*, akaandika jina lake kamili, pamoja na cheo.