Shahada Yangu, Kidole cha Paulo

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Nimemshinda Chenge, mwenzangu wa ofisi ya usajili! Kikaoni kapendekeza makabati mapya ya vyeti. Makabati! Nikasimama nikaeleza blokcheni: rekodi za masomo zinafungwa pamoja kama pingili za mnyororo, zinakaa kwenye kompyuta nyingi, na hakuna mkono wa mtu utakaozifuta. Mkuu wa chuo akasema nikikamilisha, cheo cha Msajili wa chuo ni changu. Chenge kanuna. Cheti chake nakitilia shaka siku nyingi.

Jumatano, 10 Septemba
Cheti cha Chenge ni halali. Inasikitisha.

Tatizo dogo. Kila mfanyakazi anathibitisha shahada yake kwa kidole gumba. Changu kikaleta jina la kitambulisho changu cha taifa, Pius Maige, jina nililobatizwa. Shahada inasema Paulo Shimba. Jamani, kosa liko wapi? Nilipofeli darasa la saba, Paulo alikuwa ameacha shule, jina lake limekaa bure. Baba akamwona mwalimu mkuu, nikarudia kwa jina hilo. Nusu ya darasa tulikuwa hivyo! Mitihani yote nimefanya mimi. Nikafunga plasta kidoleni, nikasema nimejikata nikiparua magamba ya samaki sato.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimempata Paulo mwenyewe, Busisi. Alikuwa akiwauzia mahindi abiria wa kivuko. Tangu daraja lifunguliwe, hana wateja. Nikamwomba aje chuoni Nyegezi abonyeze kidole tu. Hakuuliza kitu. Mtu mwema, si mwerevu sana.

Jumatatu, 15 Septemba
Chenge alipokwenda kunywa chai, nikamwingiza Paulo. Akabonyeza. Mashine ikakubali! Ikatokea picha yake, shahada yangu, na alama ya kufuli. Nikajaribu kubadilisha picha. Haibadiliki. Nikampigia fundi wa mfumo, akanirudishia maneno yangu ya kikaoni, neno kwa neno. Chenge akarudi, akaona, akamwita Mkuu.

Mkuu, anayenijua miaka tisa, akasema mfumo haudanganyi. Akampa Paulo mkono.

“Karibu kazini, Bwana Shimba. Na huyu uliyekuja naye ni nani?”

Paulo akasema tulisoma wote, ila darasani sikuwa mzuri.

Jumanne, 16 Septemba
Paulo ndiye Msajili. Chenge anamfundisha kazi. Nimeumia, sitaficha, shahada ile niliisotea.

Lakini kosa langu nimeligundua: nilichukua jina la mtu aliye hai. Mtaa wa Pasiansi kuna familia imefiwa wiki iliyopita. Marehemu alikuwa na shahada mbili. Kesho nakwenda kuwapa pole.