Miaka Yangu Sabini

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Chifu ametangaza: serikali italipia dawa za wazee wa miaka sabini kwenda juu, na walemavu. Kujiandikisha ni Jumatano, hapo zahanati. Mama ana sabini na sita na dawa zake za presha zinakaribia kuisha. Joan, mke wangu, ameniambia nimpeleke. Nimekubali haraka. Mimi pia nina presha na nimechoka kununua dawa. Nina hamsini na nane. Tofauti si kubwa.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimefanya mazoezi ya kutembea kizee katikati ya majani chai. Mochama jirani, yule aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, amenikuta. Ameuliza kama naumwa mgongo. Nimesema ni uzee. Akasema yeye amenizidi miaka mitano na bado anajiona kijana. Mtu wa maringo sana.

Jumatano, 8 Oktoba
Siku mbaya. Nilimweka Mama mbele ya foleni, mimi nikajificha nyuma, nywele nimezipaka unga. Mvua ikanyesha. Unga ukawa uji, ukateremka shingoni. Nesi Chepchumba akataka kitambulisho. Nikasema kimeliwa na ng'ombe. Nikamwambia nina sabini.
Mama akaniita kutoka kwenye benchi: "Benard, mwanangu, njoo unishike mkono."
Nesi akamuuliza kama kweli huyu ni wake. Mama akasema ndiyo, kifungua mimba. Nesi akauliza kama alinizaa akiwa na miaka sita. Foleni nzima ikacheka.
Halafu nesi akaacha kucheka. Mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho cha Mama ulikadiriwa tu, kama wa wazee wengi. Akasema katika familia hii hajui nani anadanganya, kwa hiyo Mama asubiri mpaka umri wake uthibitishwe. Tumerudi mikono mitupu. Mama amekataa nimshike mkono.

Ijumaa, 10 Oktoba
Dawa zimeisha. Asubuhi Mama amepata kizunguzungu shambani, akaketi chini na kikapu chake. Nimembeba mpaka nyumbani. Niliogopa kweli.
Mochama amekuja na magongo yake. Amempeleka Mama kwa chifu, kisha zahanati. Amewaambia kwamba alipokuja huku kutoka Kisii kuchuma chai, yeye kijana mdogo, Mama alikuwa tayari mama wa watoto wanaosoma. Chifu amethibitisha. Mama amepewa dawa leo hii.
Nimemshukuru Mochama. Hakunicheka hata kidogo. Hilo ndilo limeniuma.

Jumapili, 12 Oktoba
Mama ameenda kanisani kwa miguu. Amesema amenisamehe, mradi nisirudie. Nimeapa mbele ya Joan.
Mchana nimekaa nikafikiria sana, na kosa nimeliona. Mzee wa miaka sabini haendi popote na mama yake. Kule hospitali ya Longisa bado wanaandikisha wazee, na hakuna anayenijua. Nitaenda kesho, peke yangu, kama hakuna mvua.