Stensili Moja Iliyobaki

Jumatatu, 4 Agosti

Kikao cha jubilei ya shule. Miaka hamsini! Mwalimu Jovitha akajitolea kwenda Bukoba mjini kuchapisha karatasi za nyimbo za Misa. Anajipendekeza. Anautaka ualimu wa taaluma, na taaluma ni yangu. Nikasimama, nikasema waliosoma hapa zamani wanastahili karatasi za zamani, zilizodurufiwa kwa mashine yetu ya stoo. Mkuu wetu, Mwalimu Kahangwa, akasema sawa, ila akiaibika mbele ya Padre, taaluma anachukua Jovitha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mashine hiyo sijaiona tangu nikiwa darasa la sita hapa hapa Izigo.

Jumanne, 5 Agosti

Ipo! Kuku wa mlinzi anaatamia juu yake. Nimemhamisha kwa heshima, akanidonoa. Wino umekauka, nimeulainisha kwa mafuta ya taa. Stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, imebaki moja. Moja inamtosha mtu makini.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana nilipiga chapa nyimbo zote kwa taipureta ya parokia. Bila kosa! Leo nikafunga stensili, nikazungusha mpini. Krrr-pa, krrr-pa. Ile harufu! Nikafumba macho. Enzi zetu aliyechaguliwa kuzungusha mpini alikuwa mtu mkubwa, wiki nzima hanawi mikono ili wino uonekane. Mimi nilichaguliwa mara moja tu. Machozi yakanitoka.

Nikafumbua macho, karatasi zimekwisha. Maandishi yote yamegeuka, kama unayasoma kwenye kioo. Stensili nimeifunga upande usio wake! Kuigeuza, ikachanika. Mawe, mama yangu!

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia Mkuu karatasi ziko tayari. Sikudanganya. Jovitha kaomba kuona moja, nikasema asubiri kesho. Akauliza mbona nanuka koroboi. Nimesali rozari nzima kuomba mvua.

Jumamosi, 9 Agosti

Jua kali. Karatasi kagawa Jovitha mwenyewe, anatabasamu. Kashaziona. Nikajibanza nyuma ya kwaya.

Mzee Kyaruzi, mwalimu mkuu mstaafu na mgeni rasmi, hakusoma. Aliipeleka puani. Safu nzima ikamfuata, watu wazima wananusa karatasi! Kisha Mama Annastella wa Rwamishenye akainua yake juani, akaitazama kwa nyuma. Inasomeka! Karatasi za zamani ni nyepesi. Uwanja mzima ukainua. Wakaimba mikono juu mpaka Padre akasema hajawahi kuona waumini wenye moyo hivyo.

Mzee Kyaruzi akashika kipaza sauti. "Waitu, ndugu zangu, harufu hii nilidhani nitaikuta mbinguni tu."

Nimepona! Nikakaa chini kwenye nyasi. Wino wa karatasi haukuwa umekauka bado, kila pua ilikuwa na doa jeusi, ya Padre pia. Ya Jovitha kubwa kuliko zote. Mungu ni mwema.

Jumapili, 10 Agosti

Taaluma imebaki kwangu. Funzo nimelipata: mtu makini hashindwi. Leo baada ya Misa nimemwahidi Mkuu kudurufu mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Watoto watainua karatasi dirishani, watazoea. Stensili hazipo tena popote, lakini nimelichunguza jani kavu la mgomba. Linaelekea kufaa.

Kuku amerudi juu ya mashine. Nimemwambia kesho ahame.